Kuku wa Unga na Kuku wa Vidonge

Kuku mia moja na ishirini walihamia nyumbani kwa Mwatumu siku ya Jumanne, na binadamu watano wakahamia jikoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mdoe, alisema ni kwa wiki moja tu, mpaka bati za banda zifike kutoka Korogwe. Wiki ikapita, bati zikawa bado ziko Korogwe, na vifaranga wakaendelea kukaa chumba cha mbele, juu ya maranda mapya, na chemli mbili za kuwapa joto zikiwaka mchana kutwa. Jikoni kwa Mwatumu hapakuwa na tone la mafuta ya taa.

"Mbona nyumba yangu?" Mwatumu alikuwa ameuliza.

"Kwa sababu mumeo ni balozi wa nyumba kumi," Mzee Mdoe akajibu, "na nyumba yenu ina madirisha mawili. Hawa ni kuku wa kisasa, mama. Wanataka hewa."

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, na masika ilikuwa imepita pembeni ya Handeni kama mgeni asiyetaka kusalimia. Watu wa Kwemvumo, waliokuwa wamekusanywa pale kutoka mashamba yao ya zamani, walikula majani ya mchunga na mizizi ya porini, na mahindi ya njano ya serikali pale lori lilipokuja. Lori lilikuja lilipotaka. Lakini chakula cha kuku kilikuwa kimefika chote, magunia kwa magunia, na kilifungiwa ghalani kwa kufuli ambalo ufunguo wake Mzee Mdoe aliuvaa shingoni, ndani ya shati. Kila asubuhi alimpimia Semboja, mume wa Mwatumu, debe la siku hiyo, na kulisawazisha juu kwa kijiti.

Mipango ilikuwa imekwisha pangwa. Siku ya Saba Saba angekuja mgeni mkubwa kutoka mkoani kuona mradi. Siku hiyo kila kuku alitakiwa awe na kilo moja na nusu.

Chakula kilikuwa unga. Si unga laini wa ugali. Ni mchanganyiko wa chenga za mahindi, pumba, mashudu, dagaa waliosagwa na chokaa, vyote pamoja, rangi ya vumbi la barabarani. Ukiumwaga, nusu yake hupanda hewani. Vifaranga walichakura na kumwaga, wakaingiza midomo yenye unga ndani ya maji mpaka maji yakawa uji, na unga ukawagandia midomoni kama masharubu. Bibi Mashavu, mama yake Semboja, alikuwa akikaa kizingitini akiwatazama kwa saa nzima, na ni yeye aliyeona jambo.

"Mwatumu, njoo uone. Hawali ovyo hawa. Wanadonoa chenga za mahindi, vumbi wanaliacha."

"Nimeona, bibi."

"Sasa nani kasema wachague wao peke yao?"

Mwatumu alimtazama binti yake Chausiku, mwenye miaka kumi, ambaye siku hizo alikuwa ameacha kucheza kwa kuwa kucheza kulimtia njaa, na mdogo wake aliyelala mkekani mchana bila kuumwa. Kisha akachukua ungo.

Unga wa kuku, ukiupepeta kwa mkono uliozoea, hujitenga wenyewe. Pumba na dagaa huruka mbele, chokaa hukaa chini, na chenga za mahindi hubaki katikati, nzito na za manjano. Mwatumu aliziosha maji matatu, akazianika, akazitwanga. Ugali uliotoka ulikuwa na harufu ya mbali ya samaki, kama vile samaki alipita mlangoni bila kuingia. Semboja alirudi kutoka shamba la kijiji, akanawa, akala. Hakuuliza. Kwa mtu aliyekuwa balozi, kutouliza kulikuwa msaada mkubwa kuliko kuleta kuni.

Kuku wakapewa kilichobaki.

* * *

Bwana Mifugo aliitwa Fabiani. Wazazi wake walikuwa wamekuja kukata mkonge, naye alizaliwa kambini karibu na Korogwe. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, aliyemaliza mafunzo mwaka uliopita, na alikuwa na baiskeli, daftari na mizani ya kuning'iniza. Alikuja kila Ijumaa. Kila alipofika alimwamkia bibi kwanza, "Shikamoo bibi," akaitikiwa "Marahaba mjukuu wangu," ndipo akaulizia afya ya kuku.

Wiki ya tano aliwapima mara mbili, akidhani mizani imeharibika.

"Gramu mia nne na themanini," alisema. "Walitakiwa wawe na mia saba na zaidi. Mama, wanakula?"

"Wanakula sana, mwanangu," Mwatumu akasema. "Wanamaliza kila kitu."

"Wanaumwa?"

"Wanaumwa na nini? Wanalala penye taa."

Fabiani alichutama katikati ya kuku, akatazama unga uliotapakaa kwenye maranda na maji yaliyogeuka uji. Uso wake ukang'aa. Alikuwa amekumbuka somo.

Jumapili yake mkutano wa kijiji uliitishwa. Fabiani alisimama mbele akiwa na konzi ya unga kiganjani. "Ndugu wananchi," alisema, "tatizo ni umbo la chakula. Kuku wa nyama akila unga, anautafuta chembe kwa chembe. Anapoteza muda, anapoteza nguvu, na kingine kinamwagika. Tazameni." Akapuliza. Unga ukapanda, ukamwingia Mzee Mdoe machoni. "Huo ndio upotevu."

Mzee Mdoe alijifuta kwa kofia. "Kwa hiyo chakula cha serikali kinachukuliwa na upepo?"

"Sehemu kubwa, Mwenyekiti."

"Na upepo huo unaingia kwa nani?"

Watu wote walimgeukia Semboja. Alisimama, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Ndugu Balozi," Mzee Mdoe alisema, "madirisha yako mawili tuliyasifu. Kumbe ndiyo yanayotuhujumu. Utayaziba kwa magunia leo leo, na mkeo atatoa maelezo kila siku kuhusu upepo."

Ikaandikwa katika muhtasari. Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mwatumu alikwenda ghalani, akasimama mbele ya Mwenyekiti na watu waliokuwa wakipita, akasema, "Jana upepo ulikuwa wa kiasi," au, "Jana ulitoka upande wa Korogwe." Wanawake wenzake waliziba midomo kwa kanga. Alirudi nyumbani uso ukimwaka, akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Fabiani, kwa upande wake, alikuwa amekwenda Korogwe kuomba vidonge.

* * *

Vidonge vilifika wiki ya sita, na magunia ya unga yaliyobaki ghalani yakarudishwa kwa lori lile lile. Fabiani alifungua gunia la kwanza mbele ya watu kama anayefungua zawadi ya harusi. Vilikuwa vipande vidogo vigumu, urefu wa punje ya mchele mara mbili, vya kahawia, vyote sawasawa.

"Ni mahindi yale yale, pumba ile ile, dagaa wale wale," alieleza. "Vimeshindiliwa kwa mashine. Kuku hawezi tena kuchagua. Akimeza kimoja, amemeza kila kitu."

"Hawezi tena kuchagua," bibi Mashavu alirudia polepole.

Mzee mmoja wa nyuma, aliyesikia neno vidonge tu, aliomba vitatu kwa ajili ya magoti. Akakataliwa. Baadaye alivipata kwa njia zake, na akawaambia watu kwamba goti la kushoto limepata nafuu.

Mwatumu alijaribu ungo. Vidonge viliruka vyote pamoja na kushuka vyote pamoja, kama askari wa gwaride. Akajaribu kinu. Vilisagika, lakini sasa dagaa na chokaa na mashudu vilikuwa vimeingia ndani ya mahindi mpaka kwenye roho, na hakuna maji yaliyoweza kuvitoa. Ugali ulikuwa mweusi, mchungu, na ulisaga meno. Mtoto mdogo aliutema. Chausiku alikula, akaharisha siku mbili. Semboja alimega tonge, akalitafuna muda mrefu, na kwa mara ya kwanza akauliza.

"Mama Chausiku, hiki ni nini?"

"Ni maendeleo," Mwatumu akasema, akatoa sufuria.

Nyumba ikarudi kwenye mchunga. Kuku, kinyume chake, walikuwa kama wameambiwa siri. Waliinama kwenye sahani, wakala kwa dakika chache, wakanywa maji safi, wakalala. Hakuna aliyechakura, na hakuna kilichomwagika. Walinenepa mbele ya macho ya watu. Vifua vilitoka, manyoya yakaachana kwa kukosa nafasi ya kufunika ngozi, na baadhi yao miguu ikashindwa kabisa, wakawa wanakaa tu, wakinyoosha shingo kuelekea chakula. Chausiku alikuwa akiwasogezea sahani, na alipoinama mifupa ya mgongo wake ilihesabika juu ya gauni.

Ijumaa iliyofuata Fabiani alining'iniza mizani kwenye boriti ya ukumbi, akaweka kuku kwenye tenga mmoja mmoja, na kila aliyepimwa alimfanya acheke peke yake. Gramu mia mbili na hamsini kwa wiki moja! Aliandika huku akipiga mluzi.

"Mjukuu wangu," bibi Mashavu alisema kutoka mkekani. "Na mimi nipime."

Fabiani alicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshaanza kujikongoja kuelekea kwenye mizani, akijifunga kanga vizuri kama anayekwenda kupigwa picha.

"Bibi, hii ni ya kuku."

"Inasoma mpaka ngapi?"

"Kilo hamsini."

"Basi nitatosha, na chenji itabaki."

Ilibidi wafanye hivyo. Semboja alikuwa shambani. Mwatumu na Fabiani walitandaza gunia, wakamkalisha mama mtu mzima ndani yake, wakafunga pembe, wakamning'iniza. Bibi Mashavu alielea pale ukumbini, nyayo zikiwa shubiri moja juu ya ardhi, akizunguka taratibu, mikono mapajani, kuku wakimtazama.

"Kilo thelathini na tatu," Fabiani alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wiki iliyopita nilikuwa na ngapi?"

"Sikukupima, bibi."

"Sasa utajuaje kama nakua?" Akazunguka tena, sasa akimpa mgongo. "Mimi najijua. Nimeshuka. Tulipokuwa tunakula ule unga nilikwenda ghalani na kurudi bila fimbo."

Mwatumu alihisi ardhi imemtoka chini ya miguu, kana kwamba ni yeye aliyening'inizwa. Mwezi uliopita, kijiji cha jirani, mtu alichukuliwa na polisi kwa ajili ya pishi moja ya mbegu za serikali, na hajarudi.

"Unga upi, bibi?" Fabiani aliuliza.

Bibi Mashavu alifumba macho, akijifanya amelala hewani. Ikawa zamu ya Mwatumu. Alifikiri kusema uongo, na uongo wote aliokuwa nao ulikuwa wa upepo, na ameshautumia.

"Ule wa upotevu, mwanangu," alisema.

Fabiani alitazama daftari lake. Alifungua kurasa za nyuma, wiki ya nne, ya tano, zile namba zilizomkosesha usingizi mpaka akamwandikia mkubwa wake barua ya kurasa tatu. Kisha akamtazama Chausiku, aliyekuwa amesimama na sahani ya vidonge mkononi. Alifunga daftari. Akamshusha bibi taratibu, akamfungua, akamsimamisha, akampa mkono mpaka mkekani. Alipanda baiskeli bila kuaga, na Mwatumu akakaa kizingitini, akisubiri polisi.

* * *

Fabiani alirudi siku ya tatu, peke yake, amejaa vumbi, na karatasi yenye mhuri. Aliomba Semboja awepo, akaomba na Mwenyekiti aitwe. Mwatumu alisimama nyuma ya mlango wa jiko, akiwa amekwisha kuwavalisha watoto nguo safi, hakujua kwa nini.

"Mwenyekiti," Fabiani alisema, "nimetafakari. Sisi wataalamu tumefanya haraka. Tunasema vidonge ni bora kuliko unga. Kwa ushahidi gani? Ni lazima yafanyike majaribio. Kuku sitini wale vidonge, sitini warudi kwenye unga, mpaka Saba Saba. Korogwe wamekubali."

"Lakini vidonge vimeshawanenepesha!" Mzee Mdoe alisema.

"Ndiyo maana. Bila wembamba, nani atajua kwamba hawa ni wanene?"

Mzee Mdoe aliliwaza hilo jambo, akaona ni la kisomi, akalikubali.

Fabiani alikuwa ameomba magunia manane. Korogwe, ambako unga ule ulikuwa umejaa na hakuna aliyeutaka tena, walifurahi kuuondoa, wakaleta kumi na manne. Alipokuwa akitoka alisimama mlangoni pa jiko, akazungumza na Mwatumu akiangalia baiskeli yake.

"Mama, sitini watakula unga. Utapotea kiasi gani, mimi siwezi kujua. Upepo wa hapa ni mkali."

"Ni mkali sana, mwanangu," Mwatumu akasema.

Kwa hiyo madirisha yakafunguliwa tena, kwa ajili ya sayansi. Semboja alijenga ukuta wa fito katikati ya chumba: upande mmoja mabwanyenye, upande wa pili walalahoi. Asubuhi Mwatumu alitoa maelezo yake ghalani kwa sauti ya kujiamini, na hata jirani zake Rosa na Mwaija, waliokuwa wanamcheka, wakaanza kupitia kwake jioni na bakuli chini ya kanga, wakiulizia hali ya upepo.

* * *

Siku ya Saba Saba mgeni alifika kwa gari mbili. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na alitaka kuonyeshwa kuku kabla ya ngoma. Kuku wa vidonge walitolewa nje wakibebwa mmoja mmoja, kwa kuwa kutembea kulikuwa kumewashinda. Waliwekwa kivulini, wakakaa.

"Mbona hawasimami?" mgeni aliuliza.

"Wameketi kwa heshima, mheshimiwa," Mzee Mdoe alisema.

Kisha wakafunguliwa wa unga. Walitoka mbio, wembamba, macho makali, mmoja akaruka juu ya meza ya mgeni na kudonoa kishikizo cha shati. Fabiani alisoma matokeo kwa sauti isiyo na uhai: kuku wa vidonge, kilo moja na robo tatu. Kuku wa unga, gramu mia tisa.

Mgeni alikunja uso. "Nusu! Hawa walikuwa wanapewa nini?"

"Viungo vile vile, mheshimiwa."

"Kiasi kile kile?"

Mwatumu, aliyesimama na wanawake waimbaji, alimwona Fabiani akifunga daftari.

"Kilichopimwa ghalani ni kile kile, mheshimiwa. Tofauti ni umbo."

"Umbo tu?"

"Umbo tu."

Mgeni alimchukua kuku wa vidonge, akampakata, na kitu fulani kikaonekana kumjia kutoka mbali. Aliposimama kuhutubia, alikuwa bado amempakata.

"Ndugu zangu wa Kwemvumo! Leo kuku wametufundisha siasa. Unga ni nini? Unga ni mtu anayeishi peke yake porini, huku mmoja, kule mmoja. Upepo ukija anapeperuka. Na kidonge ni nini? Ni unga ule ule, uliokusanywa pamoja! Kijiji, ndugu zangu, ni kidonge!"

Watu walipiga makofi. Kuku alijisaidia kwenye mkono wa mheshimiwa, naye hakujali.

"Kidonge ndicho kinachomezwa haraka," bibi Mashavu alinong'ona, na Mwatumu akamkanyaga mguu.

"Kuanzia leo," mgeni aliendelea, "mradi huu ni vidonge tu. Sitaki kusikia neno unga. Umebaki kiasi gani ghalani?"

"Magunia tisa, mheshimiwa," Mzee Mdoe alisema.

"Chakula kilichothibitika hakifai hata kwa kuku! Ukiachwa hapo, kuna mvivu atawalisha tena. Utupwe."

Mzee Mdoe aligusa ufunguo ndani ya shati lake. Mwatumu alimtazama usoni, mzee yule aliyesawazisha debe kwa kijiti kila asubuhi, na akaona kwamba mashavu yake nayo yalikuwa yameingia ndani, na suruali ameifunga kwa kamba ya mkonge. Hakuwa amewahi kumwangalia hivyo.

"Utatupwa, mheshimiwa," Mzee Mdoe alisema.

"Lini?"

"Leo leo. Tutatupa wote kwa pamoja. Kijiji kizima. Kwa moyo wa kujitolea."

"Hiyo ndiyo roho!" mgeni akasema, akanawa mikono, akapakiza kuku ishirini wa vidonge kwenye buti la gari, akaondoka kabla ya saa kumi.

Vumbi la gari halijatulia, ghala lilikuwa wazi. Hakuna aliyekimbia. Walipanga mstari mrefu kuliko wowote uliowahi kupangwa Kwemvumo, kila mtu na chombo cha kutupia: ungo, debe, beseni, kofia, foronya. Mzee Mdoe aliwapimia mwenyewe, na safari hii hakutumia kijiti. Alijaza mpaka ukafurika. Fabiani alikaa kwenye kiti cha mgeni na daftari, akiandika, kwa kuwa jambo la serikali haliwezi kutupwa bila maandishi.

"Jina?"

"Mwaija."

"Umetupa kiasi gani?"

"Pishi mbili."

"Wapi?"

"Korongoni," Mwaija alisema, akipita na beseni lake kichwani kuelekea upande ambao haukuwa na korongo.

Alifika yule mzee wa magoti. Yeye naye alitupa korongoni. Alifika Rosa, korongoni. Ukurasa ukajaa makorongo. Zamu ya Mwatumu ilipofika, alikuwa amebeba ungo uliofurika, na Chausiku nyuma yake na sufuria.

"Jina nalijua," Fabiani alisema bila kuinua kichwa. "Wapi, mama?"

Mwatumu alifikiri juu ya korongo. Alikuwa amechoka na upepo, amechoka na mahali pasipokuwepo.

"Jikoni kwangu," alisema. "Na ukimaliza kuandika uje, tuutupe pamoja."

Kalamu ilisimama. Fabiani alimtazama, na Mwatumu akaona kijana mwenye njaa, ambaye kila Ijumaa alikuja na kuondoka bila kugusa hata maji, kwa kuwa katika nyumba zile aliogopa kukaribishwa. Kisha akainama tena, akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: *Mwatumu, mke wa Balozi. Pishi nne. Korongoni.*

"Nakuja, mama," alisema. "Nani anafuata?"